Eragon: uchawi wenye gharama, hadithi isiyotaka kulipa

Tahadhari kwanza: uhakiki huu unataja vifo, siri na namna kitabu kinavyoishia.

Ndani ya Eragon, riwaya ya majoka na uchawi, kuna kanuni moja ambayo ingetosha kubeba kitabu kizima. Kufanya jambo kwa uchawi kunakula nguvu zilezile ambazo ungezitumia kulifanya kwa mwili wako. Ukiinua kijiwe kwa neno, unachoka kama aliyekiinua kwa mkono. Ukitamka neno linalozidi uwezo wako, unaweza kufa papo hapo. Katika hadithi nyingi mchawi anaweza chochote mpaka pale mwandishi anapohitaji ashindwe. Hapa mchawi ana mpaka tangu mwanzo, na msomaji anaujua. Christopher Paolini aliiweka kanuni hiyo vizuri, akaieleza kwa mifano inayoeleweka, kisha kadiri kitabu kinavyosonga akaacha kuidai. Kasoro nyingine za kitabu zinavumilika. Hii inauma, kwa sababu inakula kitu kizuri kuliko vyote vilivyomo.

Kwa asiyekifahamu: Paolini ni Mmarekani wa jimbo la Montana, na alianza kuandika hadithi hii akiwa na umri wa miaka 15. Familia yake ilikichapisha kitabu yenyewe mwaka 2002. Mtoto wa kambo wa mwandishi Carl Hiaasen alikisoma akakipenda, Hiaasen akakifikisha kwa kampuni ya Knopf, nayo ikakitoa upya mwaka 2003. Mfululizo ulikusudiwa kuwa wa vitabu vitatu, ukaishia vinne: baada ya Eragon vikafuata Eldest (2005), Brisingr (2008) na Inheritance (2011). Hapa kinapimwa kitabu cha kwanza, na vile vingine vitaguswa tu pale vinaposaidia kuonyesha kilichokosekana.

Kisa chenyewe ni hiki. Eragon, kijana wa miaka 15, anaishi na mjomba wake Garrow na binamu yake Roran kwenye shamba karibu na kijiji cha Carvahall. Akiwa mawindoni katika milima ya Spine anaokota jiwe la buluu, na jiwe hilo linageuka kuwa yai la joka jike, Saphira. Watumishi wa mfalme Galbatorix waitwao Ra'zac wanafika kulitafuta, wanaliharibu shamba, Garrow anakufa kwa majeraha, na Eragon anaondoka na mzee msimulizi, Brom, kwenda kulipiza kisasi. Njiani anafunzwa upanga, uchawi na historia ya Wapanda Majoka waliotawala zamani. Safari inaishia kwa waasi wa Varden, waliojificha ndani ya mlima mtupu uitwao Farthen Dûr.

Lawama inayosikika zaidi kuhusu kitabu hiki ni kwamba kimeazima kila kitu: kijana wa shambani, mlezi aliyeuawa, mzee mwenye siri, upanga wenye historia, dola katili na waasi mafichoni. Ni kweli, lakini lawama hiyo peke yake haitoshi. Fantasia ni fani inayoishi kwa kurudia. Msomaji hachukii kumwona tena kijana wa shambani, anachotaka ni kuona kijana huyu anapitia jambo ambalo wengine hawakulipitia. Na Paolini alikuwa na jambo hilo mkononi, ile kanuni ya nguvu. Kwa hiyo swali la kumuuliza ni alivyokitumia alichobuni mwenyewe.

Tuanze pale alipokitumia vizuri, kwa maana kuna mahali alikitumia vizuri sana. Mapema safarini, usiku wa upepo, Brom anahangaika kuwasha moto, moto unagoma, anakasirika na kutamka neno moja: brisingr. Moto unalipuka. Eragon analisikia neno na hapewi maelezo yoyote. Baadaye wanafika kijiji cha Yazuac, wanakuta maiti zimerundikwa katikati ya kijiji, na Urgal wawili, viumbe wakali wenye pembe, wanawashambulia. Eragon, amekimbizwa na amebanwa, anaweka mshale kwenye upinde, hasira inampanda, na neno lile linamtoka. Urgal wote wawili wanakufa, naye anabaki bila nguvu, hata kusimama ni shida. Brom anapomfafanulia kilichotokea, anamwambia wazi kwamba angejaribu jambo kubwa kidogo kuliko hilo angekufa yeye. Baada ya hapo mafunzo yanaanza kwa kijiwe: kukiinua tu kutoka kiganjani, na hata hilo linamtoa jasho.

Hapo kila kitu kimekaa mahali pake. Neno limepandwa mapema, limevunwa wakati wa hatari, bei imelipwa mwilini, somo limefuata. Mwandishi anayejifunza kazi hii angefanya vema kuzichambua sura hizo mstari kwa mstari.

Mfano wa pili mzuri ni kifo cha Brom. Ra'zac wanamchoma kwa kisu, Eragon anajaribu kumponya kwa uchawi, na juu ya ngozi jeraha linaonekana kufunga. Ndani halikufunga. Kijana hajui mwili umejengwaje, neno lake limefika juu tu, na mzee anakufa. Ni kifo kinachouma kwa sababu kinatokana na kanuni: uchawi upo, nia ipo, ujuzi haupo. Kwa kurasa hizo chache Eragon ni kitabu kikubwa.

Halafu linakuja kaburi. Eragon anamjengea Brom kaburi la jiwe kwa uchawi, na kwa uchawi wa Saphira jiwe lote linageuka almasi. Kwa uzuri wa picha, hakuna la kusema. Kwa hesabu ya kitabu, ni pigo. Tumeambiwa majoka hayawezi kuuamrisha uchawi wao, unawajia bila kutarajiwa, na huo unakuwa mlango wa nyuma ambao muujiza wowote unaweza kuingilia bila kulipiwa. Ukurasa mmoja tunafundishwa kwamba hata kufunga jeraha moja kunamshinda kijana, na muda mfupi baadaye mwamba mzima unakuwa almasi bure. Mwandishi angeweza kumfanya Saphira alale siku mbili asiweze kuruka huku Ra'zac bado wako jirani. Hatari ingekuwepo, huzuni ingekuwepo, na kanuni ingesimama.

Kuanzia hapo hesabu inalegea. Katika vita na mapigano ya nusu ya pili, Eragon anatumia uchawi tena na tena, na msomaji haambiwi amebakiwa na nguvu kiasi gani. Tunaambiwa "alichoka", kisha anapigana tena. Tatizo hili linatokea kila mahali waandishi wanapoweka gharama bila kuweka kipimo. Si lazima kipimo kiwe namba. Kinaweza kuwa jambo la mwili: akitumia uchawi mara moja mikono inatetemeka, mara mbili haoni vizuri, mara tatu hawezi kushika upanga. Msomaji akishajua ngazi hizo, anaanza kuhesabu mwenyewe, na taharuki inajizaa bila mwandishi kupiga kelele. Eragon ina ngazi ya juu kabisa, kuzirai, na ya chini kabisa, uchovu wa kawaida. Katikati hakuna kitu.

Kuna shimo jingine ndani ya kanuni hiyohiyo, na msomaji makini analiona kabla hajamaliza kitabu. Kama kuua kwa uchawi kunagharimu sawa na kuua kwa mikono, basi moto ndiyo silaha ya gharama kubwa kuliko zote. Kubana mshipa mmoja mdogo shingoni kungehitaji nguvu za vidole viwili. Kwa nini basi kila mtu anarusha moto? Kitabu hiki hakijibu. Jibu linakuja katika Eldest, ambako mwalimu Oromis anamfundisha Eragon maneno ya kuua yanayokula nguvu kidogo tu. Maana yake Paolini alikuja kuliona shimo hilo. Lakini mtu anayenunua kitabu cha kwanza anastahili dunia inayosimama yenyewe, hata kama ni kwa sentensi moja ya Brom akisema kwamba mambo hayo yapo na hatamfundisha bado.

Vivyo hivyo kwa Lugha ya Kale, ile inayotumika kwa uchawi. Sheria yake ni tamu: huwezi kusema uongo kwa lugha hiyo, na ahadi uliyoitoa kwa lugha hiyo inakufunga. Fikiria fitina, mikataba na usaliti vinavyoweza kuzaliwa na sheria kama hiyo. Fikiria mtu anayetaka kudanganya na hana budi kudanganya kwa maneno ya kweli. Katika Eragon sheria hii inatajwa, inapendeza, inawekwa kabatini. Murtagh, kijana aliyemwokoa Eragon, anafika kwa Varden na kukataa akili yake isipekuliwe na mapacha wachawi, kwa hiyo anafungwa. Swali la wazi, kama angeweza kuulizwa maswali mawili matatu kwa Lugha ya Kale na majibu yake yakaaminika, halipewi nafasi. Pengine kuna sababu isingefaa. Basi sababu hiyo ndiyo iliyohitajika ukurasani, kwa sababu mwandishi akishatoa chombo, msomaji atauliza kila mara kwa nini hakitumiki.

Inasikitisha zaidi kwa kuwa mbegu nzuri kuliko zote ilipandwa humu humu. Huko Farthen Dûr, Eragon anambariki mtoto mchanga kwa Lugha ya Kale. Ni tukio la kurasa chache, linapita. Katika Eldest inagundulika kwamba alikosea sarufi: alitaka mtoto akingwe na mabaya, maneno yake yakamfanya mtoto awe kinga ya wengine, yaani abebe maumivu yao. Hilo ndilo wazo kali kuliko yote katika mfululizo huu. Kosa dogo la mwanafunzi aliyejifunza haraka linaharibu maisha ya mtu asiye na hatia, na kanuni inadai bei yake bila huruma. Kitabu cha kwanza kingekuwa na tukio moja tu la namna hiyo ndani ya mipaka yake, uhakiki huu ungekuwa na sauti nyingine.

Anayetaka kuona kanuni moja ya ajabu inavyoweza kubeba hadithi nzima, amkumbuke Fumo Liongo. Hauawi kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Kwa kuwa sheria ni hiyo, adui analazimika kuitafuta siri. Kwa kuwa siri inajulikana na watu wa ndani tu, anatafutwa mtu wa ndani. Kwa kuwa mtu wa ndani ni mwanawe, kifo kinakuwa usaliti. Kila hatua imetokana na ile iliyotangulia, na ukiiondoa sheria, hadithi yote inaanguka. Sasa jaribu kuiondoa kanuni ya nguvu katika nusu ya pili ya Eragon. Matukio makubwa yanabaki yalivyo.

Badala ya kanuni kuendesha kisa, kinachokiendesha ni vitu viwili: kuzirai na sadfa.

Kuzirai kwanza. Shamba linapoharibiwa, Eragon anambeba mjomba wake kwa shida, anaanguka njiani na kupoteza fahamu, anaamka kijijini, Brom keshawapata. Ra'zac wanapowavamia baada ya mji wa Dras-Leona, anapigwa, anazirai, anaamka Murtagh keshawaokoa. Karibu na mji wa Gil'ead Urgal wanawavamia usiku, anapigwa, anazirai, anaamka gerezani. Mwisho wa vita kuu, baada ya kumuua Durza, mchawi katili anayemtumikia mfalme, fahamu zinamtoka tena. Kila mara tukio linapofikia pale ambapo mhusika mkuu angelazimika kuchagua, kukimbia au kubaki, kumwacha mtu au kufa naye, taa inazimwa. Ikiwashwa, tatizo limetatuliwa na mtu mwingine. Mara moja inakubalika. Ikirudiwa hivi, msomaji anajifunza kwamba hatari yoyote ni usingizi tu, na anaacha kuogopa.

Sadfa ndiyo ya pili. Eragon anamwota mwanamke asiyemjua akiteseka katika chumba cha gereza. Ndoto hizo zimeandikwa vizuri, zinavuta. Kisha anakamatwa, anafungwa Gil'ead, na mwanamke huyo, Arya wa jamii ya elfi, anapitishwa mbele ya mlango wa chumba chake. Kati ya magereza yote ya dola nzima! Sadfa inayomwingiza mhusika matatani husameheka. Inayomfikisha alikotakiwa kwenda bila yeye kufanya lolote inamnyang'anya sifa ya kuwa mhusika mkuu. Suluhisho lilikuwa mlangoni: ndoto zimpe Eragon dalili, mlio wa kengele, alama ya askari, rangi ya mawe, aunganishe dalili hizo mwenyewe, aende Gil'ead kwa kusudi huku Murtagh akimpinga. Tukio lingekuwa lilelile, uzito tofauti kabisa.

Nikitaja Gil'ead nisiache jambo lake zuri. Chakula na maji ya gerezani vimetiwa dawa inayomfanya mfungwa ashindwe kuyashika maneno ya uchawi akilini. Eragon anagundua, anaanza kukataa kula na kunywa, na anasubiri dawa ipungue huku njaa na kiu vikimmaliza nguvu ambazo uchawi unazihitaji. Angalia mtego ulivyo: akila hana maneno, asipokula hana nguvu. Hapo kanuni imerudi kazini, na kwa kurasa kadhaa kitabu kinapumua.

Tukio linaloonyesha kasoro ya utekelezaji kwa karibu kuliko yote ni la Torkenbrand. Baada ya kuvuka jangwa la Hadarac, wafanyabiashara wa watumwa wanawazingira Eragon na Murtagh. Saphira anawatawanya. Kiongozi wao, Torkenbrand, anabaki chini, hawezi tena kujitetea. Murtagh anamkata kichwa. Eragon anashtuka na kumkaripia. Murtagh anajibu kwamba angemwacha hai angewafuata au kuwapeleka askari. Wote wawili wana hoja. Mmoja amelelewa shambani, mwingine amekulia kwenye kivuli cha ikulu ya Galbatorix, na muda mfupi baadaye tunaambiwa ni mwana wa Morzan, msaliti mkuu wa Wapanda Majoka. Hili ni tukio ambalo riwaya nzima ingeweza kugeukia. Je, Eragon atalala karibu na mtu huyu usiku? Je, hofu yake kwa Murtagh ni hofu ya anachoweza kuwa yeye mwenyewe? Yeye naye ameshaua, Yazuac, na kwa moto. Hakuna anayemkumbusha. Wanagombana, wanakimbizwa, wanafika Farthen Dûr, Murtagh anafungiwa, na mjadala unakufa. Wazo lilikuja lenyewe, limeiva, likaachwa liozee njiani kwa sababu ratiba ya safari ilidai waendelee.

Kuhusu mwanzo wa kitabu kuna kosa la mpangilio ambalo mhariri angelirekebisha kwa kufuta kurasa chache. Utangulizi unamwonyesha Durza akiwavizia elfi usiku, na Arya akilitupa jiwe mbali kwa uchawi lisimfikie. Halafu sura za mwanzo zinatumia muda mrefu kutujengea fumbo la jiwe: Eragon anataka kulibadilisha kwa nyama kwa Sloan mchinja nyama, anakataliwa, mfanyabiashara Merlock analichunguza, anagundua ndani ni tupu, hathubutu kulitajia bei. Sura hizo ni nzuri. Zina njaa ya kweli, zina aibu ya maskini mbele ya mwenye duka. Lakini sisi tumeshajua jiwe linawindwa na nani, kwa hiyo fumbo lote linatembea bila miguu. Ushauri wa vitendo kwa msomaji mpya: ruka utangulizi, anza na sura ya kwanza, urudi kuusoma baada ya Gil'ead. Kitabu kinaboreka papo hapo.

Lugha nayo ni mzigo. Paolini wa miaka hiyo haachi nomino ipite bila kivumishi, na mara nyingi viwili. Machweo hayapiti bila tashbiha. Wahusika hawasemi, wananguruma, wananong'ona, wanafoka. Kwa anayesoma Kiingereza kama lugha ya pili hilo lina faida na hasara: msamiati ni mpana na sentensi zenyewe si ngumu, ila maelezo yanachelewesha tendo, hasa katika sura za safari ambapo wanapanda farasi, wanapiga kambi, wanapigana kwa fimbo mpaka jua linazama, wanalala. Mafunzo hayo ya upanga yanaenda kasi isiyoaminika pia. Kijana aliyetoka shambani juzi anafikia kumshinda Brom, kisha anakwenda sare na Murtagh. Kusoma na kuandika anajifunza katika mji wa bandari wa Teirm kwa muda mfupi mno. Kitabu kinachodai kwamba kila kitu kina gharama kinatoa ujuzi wote bure.

Hata hivyo Teirm ndiyo sehemu ninayoipendekeza bila kusitasita. Brom na Eragon hawajui Ra'zac wako wapi, ila wanajua wanatumia mafuta ya Seithr, bidhaa adimu na ya gharama. Wanawaza kama wapelelezi: mafuta hayo lazima yasafirishwe kwa meli, meli lazima ziandikishwe, kwa hiyo mahali pa kutafuta ni kumbukumbu za bandari. Wanaingia kwa siri, wanapekua mizigo iliyopelekwa miji mbalimbali, na orodha inawaelekeza Dras-Leona. Hakuna muujiza, hakuna ndoto. Kuna akili, hatari na karatasi. Mji wenyewe una sura, biashara na watu wenye shida zao, akiwemo mganga wa mitishamba Angela, mhusika mchangamfu kuliko wote kitabuni. Anapompigia Eragon ramli kwa mifupa ya joka na kumwambia atasalitiwa na mtu wa ukoo wake na kwamba ataondoka nchini asirudi, msomaji anapata kitu cha kukisubiri kwa vitabu vitatu.

Saphira pia amefaulu kwa sehemu kubwa. Mara ya kwanza Eragon anapompanda, magamba yanamchuna ngozi ya mapaja mpaka anashindwa kutembea, na usiku ule milimani ni wa mateso. Baadaye ndipo tandiko linapotengenezwa. Tendo, jeraha, dawa: mtiririko uleule uliopo Yazuac. Mazungumzo yao ya akilini yana upole na utani mdogo unaoaminika, ingawa mara nyingi joka anapelekwa pembeni pale anapoweza kumaliza vita kwa dakika moja.

Mwisho wenyewe ni nusu kwa nusu. Durza ni Kivuli, yaani mchawi aliyetawaliwa na pepo, na tumeshaonyeshwa Gil'ead kwamba mshale katikati ya macho haumuui, anatoweka tu na kurudi. Kuna njia moja: kumchoma moyoni. Sheria imewekwa mapema, imejaribiwa, na katika pambano la mwisho inatumika. Hilo ni sawa kabisa. Tatizo ni nafasi inavyopatikana. Saphira na Arya wanaivunja johari kubwa ya Isidar Mithrim iliyo juu ya ukumbi, Durza anainua macho kwa mshangao, na Eragon anachoma. Wengine wamefikiri, wengine wamejitoa, yeye ametumia sekunde aliyopewa. Jeraha la mgongoni analobaki nalo, kwa upande mwingine, ni bei ya kweli, na litamtesa sana katika kitabu kinachofuata.

Umri wa mwandishi hutajwa kila mara kama utetezi. Unaeleza mengi, hasa wingi wa vivumishi na haraka ya mhusika kuwa bingwa. Lakini kijana aliyeweza kuandika Yazuac na kifo cha Brom alikuwa na uwezo. Alichohitaji ni mhariri wa kumuuliza swali moja mwishoni mwa kila sura: amelipa nini hapa?

Kwa msomaji wa miaka 12 hadi 15 anayeingia kwenye fantasia kwa mara ya kwanza, nunua bila wasiwasi; ni kitabu cha takriban kurasa 500 kinachosomeka haraka, ramani imechorwa na mwandishi mwenyewe, na nyuma kuna mwongozo wa matamshi na faharasa ya maneno ya Lugha ya Kale. Anayependelea kusikiliza ataipata kwa sauti ya Gerard Doyle. Kwa msomaji mzoefu ni nyota mbili na nusu kati ya tano. Azime kwanza, asome mpaka Teirm, na kama hapo hakuvutika hakuna atakachokipata mbele. Akivutika, avumilie mpaka mwisho kisha achukue Eldest, aende na Eragon hadi Ellesméra, mji wa elfi, kwa Oromis, ambako kanuni ya nguvu inaanza kufundishwa kwa ukamilifu na mtoto aliyebarikiwa vibaya anaonekana tena.